NCHI JIRANI: SHULE ISIKIE SHTAKA KABLA YA HUKUMU

Kila inapozuka tuhuma ya udanganyifu katika mitihani ya taifa nchini Kenya, hurudi swali la siku nyingi: shule inayoshukiwa ijulishwe lini? Swali hilo si dogo. Ndani yake yumo mwizi wa mtihani, ambaye hana budi kuadhibiwa. Yumo pia mtoto wa mkulima aliyekesha na daftari lake, akajikuta amehukumiwa pamoja na wezi.

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1980 Kenya nayo ikaunda baraza lake. Baraza hilo lilihitaji uwezo wa kufuta matokeo, kwani cheti kisichoaminika ni karatasi tupu.

Lakini uwezo mkubwa huhitaji mipaka. Mwaka 1997, katika rufaa baina ya Baraza hilo na watu kumi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba amri ya kuzuia huzuia uamuzi unaokusudiwa tu. Haiwezi kutengua uamuzi uliokwisha kutolewa. Maana yake ni dhahiri. Shule isiyojulishwa mapema hukuta mlango mmoja wa mahakama umekwisha fungwa, hali wanafunzi wake wakipoteza nafasi za masomo.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 47, ilimpa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na vyombo vya utawala. Sheria Namba 4 ya mwaka 2015 ikafafanua: anayeelekea kuumizwa na uamuzi apewe taarifa ya kutosha mapema, aelezwe sababu, na asikilizwe.

Sheria hiyo ilikuta mambo yamechafuka. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Mwezi Machi 2016, Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza, na Profesa George Magoha akakabidhiwa uenyekiti. Ulinzi ulikazwa. Watahiniwa waliopata alama ya A, waliokuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015, walikuwa 141 mwaka 2016.

Wapo wanaodai kwamba kuijulisha shule ni kumpa mwizi nafasi ya kuficha ushahidi. Hofu hiyo ina msingi kabla ya mtihani kumalizika. Lakini karatasi za majibu zikiisha kusahihishwa, zimo mikononi mwa Baraza, wala mwalimu mkuu hawezi kuzibadili. Taarifa wakati huo haimwokoi mwizi; humpa asiye na hatia nafasi ya kujitenga naye.

Ulinzi mkali na taarifa ya mapema si maadui. Ulinzi huipa mitihani heshima. Taarifa huipa adhabu uhalali. Baraza linaloshika yote mawili halitaogopa kufikishwa mahakamani.