Neno "Roast" na Korosho Zetu

Somo hili ni lenu, wanafunzi wa Newala na Masasi, nanyi nyote mliokaa karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili la Kiingereza: ROAST.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, baada ya watu wa Normandy kuitwaa nchi yao mwaka 1066. Maana yake ya kwanza ilikuwa kupika nyama kwa kuizungusha mbele ya moto. Baadaye nyama iliingizwa katika tanuri, lakini jina halikubadilika. Siku hizi kahawa, karanga na viazi, vyote hupewa neno hilo hilo.

Sisi hatuna neno moja la kazi hizo zote. Nyama na muhogo twachoma. Samaki twabanika. Karanga na kahawa twakaanga. Mkate twaoka, na kiazi kikifukiwa katika majivu ya moto, kimevumbikwa. Basi mtu asikwambieni kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya jikoni! Tena neno lenyewe limeingia hotelini kwetu kwa sura nyingine: ukiagiza kuku rosti utaletewa kuku wa mchuzi mzito, ambaye Mwingereza hangemwita "roast" hata kidogo.

Lakini kwenu ninyi neno hili lina hesabu ya fedha ndani yake. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil, katika karne ya 16. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Kwa hiyo wazee walizitia korosho katika bati lenye matundu, juu ya moto. Mafuta yaliwaka, moshi ukauma macho. Kisha wakazimwaga mchangani, wakazibangua kwa jiwe. Huko ndiko kuchoma. Kiini kikiisha kutoka, hukaangwa tena kidogo kwa chumvi, na huko ndiko kukaanga. Kwenye pakiti za dukani Ulaya, "roasted" ni kule kukaanga kwa pili tu. Hata kiini kilichoandikwa "raw", yaani kibichi, kwa kawaida kimekwisha kupita katika joto la kiwanda kabla ya kubanguliwa.

Sisi tukisema "korosho ghafi" twataja kitu kingine: korosho iliyomo bado ndani ya ganda. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilizopakiwa melini kwenda kubanguliwa India. Serikali ilijenga viwanda, Newala na Masasi pia, lakini wakati huo mavuno yalikuwa yakianguka: zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, mbali na mikorosho yao; bei ilikuwa ndogo; na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua. Viwanda vingi vikasimama. Mavuno yalipanda tena baadaye, lakini hata leo sehemu kubwa huuzwa ghafi, kwa India na Vietnam.

Tangu msimu wa 2007/08 mkulima wa Mtwara anapofikisha korosho ghalani hupewa stakabadhi. Kilo zilizoandikwa humo ni za korosho pamoja na ganda. Katika kilo nne hutoka kiini cha kilo moja hivi, au pungufu. Kazi ya kubangua na kukaanga haimo katika bei yako. Hulipwa mtu mwingine.

Zoezi: mwenye stakabadhi aje nayo darasani, msome kilo zake, mgawe kwa nne.