Makongeni na Majalada ya Reli

Mtaa wa Makongeni, ulio kando ya Barabara ya Jogoo mashariki mwa Nairobi, ulikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli, na kwa sababu hiyo mwajiri na mwenye nyumba walikuwa kitu kimoja: shirika lililompangia mfanyakazi zamu ndilo lililomiliki chumba alicholala. Hati zilizogusa maisha yake, kuanzia ramani za ardhi hadi hesabu za pensheni, zilikaa katika ofisi za reli.

Wenye reli walibadilika. Njia iliyofika Nairobi mwaka 1899 iliwekwa mwaka 1948 chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake mwaka uliofuata. Mwaka 2006 uendeshaji wa treni ulikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na baadhi ya mali za reli, zikiwemo nyumba za Muthurwa na Makongeni, zikawekwa chini ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi, yaani mfuko unaosimamiwa na wadhamini kwa faida ya wastaafu. Badiliko hilo la mwisho ndilo zito zaidi kwa mpangaji, kwa kuwa lilihamisha umiliki wa nyumba yake wakati Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1968 ingali ngao ya maofisa na raia hana sheria ya kumwezesha kudai nakala.

Haki hiyo ilikuja na Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, kisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaiwekea utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na mwombaji halazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika humweleza ofisa kwa mdomo, naye ofisa analazimika kuliandika na kumpa nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Kifungu cha ombi la mdomo kinastahili sifa kubwa, kwa maana kinamfikia hata mstaafu ambaye hakupata shule.

Utekelezaji wa sheria hiyo umekuwa mgumu. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walipoomba mikataba ya reli mpya ya geji ya kawaida (SGR), iliyozinduliwa mwaka 2017, hawakuipata, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, ambako tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru itolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa baadhi yake, na Wakenya wakasoma kwamba mkopo wa Benki ya Exim ya China ulikuwa na sharti la usiri, na kwamba migogoro ingeamuliwa kwa usuluhishi jijini Beijing.

Kwa Makongeni, sehemu ya Ibara ya 35 yenye uzito zaidi ni ile isiyotajwa sana: mbali na habari zilizo mikononi mwa Serikali, raia anaweza kudai habari zilizo kwa mtu mwingine yeyote, ikiwa anazihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Kwa hiyo kuhamishiwa kwa nyumba kwenye hazina ya pensheni hakukuyaweka majalada yake nje ya mkono wa sheria, na mpangaji anayetetea haki yake ya makazi ana msingi wa kuwaandikia wadhamini kama anavyoweza kuliandikia shirika la reli lenyewe.