Mlemeo

Jirani yangu huku Kentucky ni mtu wa Goma. Kiangazi kilichopita alinunua tela la kusafiria lililokwisha tumika. Nasema tela kwa sababu ndilo neno nililokulia. Mkenya atasema trela. Ni kijumba cha magurudumu chenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, kinachovutwa na pikapu familia inapokwenda kupiga kambi. Watoto wake wanne wana baiskeli nne, ambazo yeye, kwa Kiswahili cha Kongo, huziita kinga. Alitaka ziende pamoja nao, kwa hiyo akanunua keria ya kufunga nyuma ya tela. Kabla ya kuifunga alikuja kwangu na kitabu cha maelekezo mkononi. "Kaka, nisomee hapa. Wamekataza kitu, lakini sijui wamekataza nini."

Kitabu kilikuwa na makatazo mawili. La kwanza lilisemeka kwa wepesi: keria hii ni ya gari dogo, isifungwe nyuma ya tela. La pili ndilo lililonikwamisha. Iliandikwa kwamba mzigo wa nyuma hupunguza kile ambacho Wamarekani hukiita, neno kwa neno, uzito wa ulimi. Nikamsomea hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ulimi wa nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ulimi unaosemwa hapo ni ile pembetatu ya vyuma inayochomoza mbele ya tela. Ncha yake hukalia gololi ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari, gololi yenye unene wa ndimu. Mwingereza akiitazama ncha hiyo huona pua, akasema uzito wa pua. Mjerumani hakuona kiungo chochote cha mwili; yeye husema mzigo wa kuegemea. Wote watatu wanataja kitu kimoja, yaani kilo ambazo mbele ya tela inazilaza juu ya ile gololi. Sisi tukimfuata Mmarekani tunajikwaa mara moja, maana ulimi mzito kwetu una maana yake tangu zamani: mzito wa ulimi ni mtu ambaye maneno hayamtoki kwa urahisi. Neno ambalo tayari lina kazi nyingine halifai kukabidhiwa jambo la usalama barabarani.

Na jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo. Simama karibu na kijana wa mkokoteni pale Kariakoo anapopanga magunia ya viazi. Hayarundiki nyuma ya magurudumu. Huyasogeza mpaka mzigo uangukie mbele kidogo, mikono ya mkokoteni ikawa na uzito wa kadiri viganjani mwake. Akikosea ukazidi nyuma, mikono inanyanyuka naye anabaki kuning'inia, hana tena namna ya kuuelekeza mkokoteni. Ukizidi mbele, mabega yanakufa kabla hajafika sokoni. Muulize amefanya nini, atakujibu kwamba mzigo ulikuwa unalemea nyuma. Mabaharia wa majahazi nao hunena hivyo hivyo, kwamba chombo kimelemea, na chombo kilicholemea hakimsikii nahodha.

Kulemea, basi. Kitenzi kipo, na kinasema hasa kile tela linacholifanyia gari. Kutoka elekea tulipata mwelekeo. Kutoka egemea tukapata mwegemeo. Kutoka lemea naweka mlemeo. Mlemeo wa tela ni uzito ambao ncha yake ya mbele inaulemeza juu ya gololi ya gari linalolivuta.

Kiasi kinachofaa kinajulikana. Kwa matela ya Marekani, mlemeo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa limeshapakiwa. Tela la jirani yangu, pamoja na maji, gesi na vyombo, lina kilo 2,000 hivi. Mlemeo wake basi uwe baina ya kilo 200 na 300. Ulaya mambo ni tofauti. Waingereza hutosheka na asilimia 5 hadi 7, mwendo wa matela huko umewekewa mipaka mikali zaidi, na magari mengi madogo hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 75 au 100 juu ya gololi. Mmarekani huogopa mlemeo usije ukapungua; Mjerumani huogopa usije ukazidi.

Sasa zije baiskeli. Nne za watoto na keria yake tulizikadiria kilo 70. Kutoka kwenye gololi hadi kwenye ekseli ya tela ni mita 4. Kutoka kwenye ekseli hadi pale baiskeli zitakaponing'inia nyuma ni mita 2.8. Tela zima ni wenzo, na ekseli ndiyo egemeo lake, kama ule ubao wa pembea ambao watoto hupanda mmoja kila ncha. Zidisha 70 kwa 2.8, gawa kwa 4, unapata 49. Kilo 70 zilizofungwa nyuma zinanyanyua kilo 49 kutoka mbele. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa imejificha ndani ya kile kitabu, na hakuna mtu ambaye angeiona kwa kuambiwa habari za ulimi.

Jirani hakuridhika na karatasi. Alitaka kuona kwa macho, nami nikafurahi, kwa sababu mlemeo unapimika uani kwako bila mashine yoyote. Tulichukua mizani ya bafuni, ile ya kupimia uzito wa mwili, na boriti fupi imara. Upande mmoja wa boriti tukaulaza juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, nafasi kati yao ikiwa sentimita 90. Kisha tukaishusha jeki ya mbele ya tela juu ya boriti, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Kwa mpangilio huo mizani hubeba theluthi moja tu ya uzito, kwa hiyo unachokisoma unakizidisha kwa 3. Tela lilikuwa mahali tambarare, magurudumu yamewekewa kabari mbele na nyuma. Mizani ikasoma 73. Mlemeo kilo 219, yaani karibu asilimia 11. Sawasawa kabisa.

Tukafunga keria na baiskeli nne nyuma, kwa ajili ya kupima tu, tela likiwa limesimama. Mizani ikashuka hadi 57. Mara 3 ni 171. Tela sasa lilikuwa na kilo 2,070, na mlemeo umeteremka hadi asilimia 8 na kidogo. Jirani aliinama akaisoma namba mara mbili, akagusa kioo cha mizani kwa kidole kana kwamba imekwama.

Asilimia 8 zina ubaya gani? Ubaya wake hauonekani mjini. Unatokea kwenye barabara kuu, mteremkoni, lori refu linapokupita na upepo wake ukausukuma mkia wa tela pembeni. Tela lenye mlemeo wa kutosha hurudi lenyewe kwenye mstari. Lililolemea nyuma hupitiliza upande wa pili, likarudi, likapitiliza tena, na kila mwendo ukiongezeka mizunguko hiyo huwa mikubwa kuliko iliyotangulia, hadi tela linaanza kulisukasuka gari. Hilo nalo lina neno zuri lililolala baharini: mrama. Kwenda mrama kulikuwa kuyumba kwa chombo mawimbini, kabla neno halijawa la kila jambo lililoharibika. Tela likienda mrama, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asipigane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa, na kama ana kidude cha kufunga breki za tela peke yake kwa mkono, akitumie polepole.

Wapo wanaodhani dawa ni rahisi: baiskeli zikae nyuma, halafu masanduku ya vyombo yahamishiwe mbele mpaka mlemeo urudi kwenye asilimia 10. Namba itarudi, ni kweli. Lakini nani amewahi kubeba mzega? Ule mti wa begani, debe la maji mbele, debe la maji nyuma. Umelingana vizuri, hauinamii kokote, ila ukigeuka ghafla madebe yanaendelea kuzunguka na wewe unafuata. Uzito uliokaa kwenye ncha ni mgumu kuuzuia ukishaanza kugeuka, na ugumu huo hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kilo 70 zikikaa mita 2.8 nyuma ya ekseli huwa ngumu kuzuia zaidi ya mara 30 kuliko kilo hizo hizo zikikaa nusu mita kutoka hapo. Kwa hiyo mlemeo ukiwa sawa haimaanishi kila kitu ni sawa. Mizigo mizito ikae karibu na ekseli, chini, imefungwa.

Kisha kuna bampa, na hapa nawaomba wenye matela wanisikilize hasa. Bampa la matela mengi ya Marekani ni bomba la pembe nne, upana wa sentimita 10 hivi, bati lake jembamba, ndani tupu. Mara nyingi kazi yake ni kuhifadhi bomba la kumwagia maji machafu. Limechomelewa kwenye fremu sehemu mbili tu. Keria ikifungwa hapo haikai juu ya bampa, inachomoza nyuma yake, kwa hiyo kila shimo barabarani linalipindua bampa lile. Na mkia wa tela hurushwa juu na chini kuliko mkia wa gari dogo, kwa vile uko mbali na magurudumu. Vyuma havikatiki siku ya kwanza. Vinachoka, ufa unaanza pale palipochomelewa, siku moja baiskeli nne na keria yake zinabaki katikati ya barabara mbele ya gari la mtu mwingine. Dereva hana habari. Mwili wa tela umeziba kioo chake cha nyuma, na huenda akajua akiwa amekwisha fika kambini. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa keria wanakataza kabisa zisitumike nyuma ya tela, na wanaoruhusu hutengeneza keria maalumu, hushusha idadi ya kilo, na hutaka ifungwe kwenye tundu lililochomelewa kwenye fremu yenyewe.

Mahali pazuri zaidi, kwa mwenye pikapu, ni ndani ya pikapu. Baiskeli zisimamishwe, magurudumu yafungwe kwa mikanda, usukani usigonge kioo. Mlemeo hauguswi. Ila akumbuke kwamba mlemeo wenyewe ni mzigo wa pikapu: kilo 219 za gololi zinahesabiwa pamoja na abiria na baiskeli, na jumla isipite kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ikipita, nyuma ya gari inalala, mbele inakuwa nyepesi, usukani unakosa nguvu na taa zinamulika miti. Asiye na pikapu anaweza kuziweka ndani ya tela, juu ya ekseli, zimefungwa zisitambae. Wajerumani hupenda keria ya mbele, juu ya ile pembetatu ya vyuma. Hapo hesabu inageuka. Baiskeli zikiwa mita 3.2 mbele ya ekseli, kilo zile zile 70 huongeza kilo 56 kwenye mlemeo. Kwa tela la Kentucky ingekuwa 275, bado ndani ya mipaka, mradi gololi na gari viwe vimeruhusiwa kiasi hicho. Kwa tela dogo la Ulaya lenye kikomo cha kilo 75, hizo 56 zinakaribia kukimaliza peke yake. Na kona kali ipigwe kwanza polepole uwanjani, mtu akiwa amesimama pembeni akitazama kama usukani wa baiskeli unafikia kioo cha gari.

Baiskeli za umeme zina shauri lake. Mbili tu zaweza kufika kilo 50. Betri zitolewe zisafiri ndani ya gari.

Nilipowaeleza wenzangu wa kutafsiri neno langu, mmoja alipendekeza mzigo wa nira. Ni picha nzuri, nira hukaa shingoni mwa ng'ombe anayevuta mkokoteni, na nilikaa nayo siku nzima. Nimeiacha kwa sababu nira kwetu imeshabeba utumwa na ukoloni. Ukiitaja, msikilizaji anafikiria dhuluma, wakati huu ni uzito unaotakiwa, ambao ukiutoa ndipo hatari inapoingia. Mlemeo nao una kasoro, maana kulemewa ni kuzidiwa. Lakini unanyumbulika: tela linalemea vizuri, mlemeo umepungua, baiskeli zimeondoa mlemeo. Mtu akiusikia hivyo anajua la kufanya.

Jirani aliirudisha keria dukani. Baiskeli tatu zinasafiri ndani ya pikapu, na ile ndogo kabisa ndani ya tela, imefungwa kwenye mguu wa meza. Tulipima tena na hiyo ndogo ikiwa ndani: 72, mara 3, kilo 216. Akachukua chaki ya binti yake akaandika kwa herufi kubwa upande wa ndani wa mlango wa tela, pale anapopashika kila anapofunga kabla ya safari: MLEMEO 216.