Wageni wa Mikumi na Wenyeji wa Masanze

Tangu Mikumi ilipofanywa hifadhi ya taifa katika mwaka 1964, wageni wengi wamekwenda kutazama tembo na twiga. Wachache wameuliza habari za Wasagara wa Kilosa, watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama. Walakini nchi hiyo ina historia nzito: mwaka 1884 Mangungo wa Msovero alitia alama yake katika hati ya Carl Peters, iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Kule Ng'iresi, karibu na Arusha, tangu miaka ya 1990 wanakijiji wenyewe ndio waongozao wageni, na sehemu ya ada imesaidia shule yao. Masanze nako wazee wangeweza kuisimulia Usagara kwa vinywa vyao. Lakini barabara kuu ya Iringa hupita katikati ya hifadhi, na ni magari machache yageukayo kwenda huko.