Gluzman, Semyon

Gluzman, Semyon, tabibu wa maradhi ya akili na mtetezi wa haki za binadamu, alizaliwa Kyiv, Ukraini, mwaka 1946, na katika mji huo huo akahitimu elimu ya utabibu. Zama hizo dola ya Kisovyeti ilikuwa na desturi ya kuwafungia baadhi ya wapinzani wake katika hospitali za wendawazimu. Miongoni mwao alikuwamo jenerali Petro Grigorenko, aliyewatetea Watatari wa Krimu waliohamishwa makwao kwa nguvu: mwaka 1969 matabibu wa Tashkent walimkuta ana akili timamu, lakini Taasisi ya Serbsky ya Moscow ikaitangua kauli yao na kumhukumu kuwa mgonjwa. Mwaka 1971 Gluzman, ingawa hakupata kumpima jenerali ana kwa ana, aliyachunguza maandishi yake na shahada za waliomjua, akaandika ripoti ya kitabibu iliyothibitisha uzima wake. Kwa sababu hiyo, mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na uhamisho wa miaka 3. Katika kambi ya Perm, yeye na mahabusu mwenziwe Vladimir Bukovsky, ambaye mwenyewe alikwisha kuzionja hospitali hizo, walitunga risala ya kuwafunza wapinzani namna ya kumjibu tabibu wa serikali pasipo kumpa hoja ya kuwaita wendawazimu. Nayo ikatoroshwa nje. Baada ya kurejea uraiani alishiriki kuasisi, mwaka 1991, chama cha matabibu wa akili wa Ukraini.