Hamsini kwa Mia

Jumamosi moja mwaka jana nilipanda gari la bure kwenda Kitengela. Ni yale magari ya kampuni za kuuza ploti: unaandikisha jina, unaketi dirishani, unapewa soda na ahadi. Pesa ya ploti sikuwa nayo. Mathe ndiye alikuwa nayo, na alinituma kwa sababu nilikuwa na deni lake.

Deni lenyewe ni hivi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo iliyosalia, ambayo alikuwa akiiweka kwa chama chake cha soko, ikakosa kazi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi hizo pesa zitanunua mahali pa kulala. Na wewe unayependa kusoma vitu hakuna mtu amekutuma, utanisomea hiyo shamba ilitoka wapi kabla sijatoa shilingi." Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma alilipia ploti upande mwingine wa jiji, na siku ya kuonyeshwa bikoni akakuta wanunuzi wengine wawili wamesimama hapo hapo, kila mmoja na risiti yake.

Kwa hivyo nilisoma.

Bango la kampuni lilisema "mazingira tulivu, dakika chache kutoka Nairobi." Dakika hizo achana nazo; anayepanda matatu Kitengela saa kumi na moja asubuhi ili afike tauni saa moja anajua hesabu yake. Mimi nilishikwa na neno "tulivu." Utulivu wa uwanda ule una historia, na si fupi.

Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mmoja wao, walitia alama kwenye mkataba na serikali ya kikoloni. Reli ilikuwa imeshapita, na walowezi walitaka malisho ya Bonde la Ufa yaliyo karibu nayo. Wamaasai wakagawanywa: wengine Laikipia, wengine kusini ya reli, ambako Wakaputiei walikuwa wakiishi tayari. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu kadiri Wamaasai watakavyokuwepo duniani. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini na mifugo yao. Ole Gilisho na wenzake walienda kortini mwaka 1913. Korti ikasema mikataba ile ilikuwa kati ya dola mbili, kwa hivyo haina uwezo wa kuiamua. Yaani walihesabiwa kuwa dola siku ile tu ambayo kuwa dola kungewanyima haki.

Mwaka 1946 Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza Kenya. Upande wa kusini uliachwa wazi bila ua, ili nyumbu na pundamilia watoke mvua ikinyesha na kusambaa hadi uwanda wa Kaputiei. Mbuga ile, kumbe, iliishi kwa kutegemea ardhi ya wenyewe.

Halafu Uhuru. Mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria ya ranchi za vikundi. Ardhi ya pamoja ikaandikishwa kwa majina ya wanachama, na kamati ikaweza kukopa pesa za majosho na visima. Walioandikwa sanasana walikuwa wanaume, wakuu wa boma. Wanawake hawakuonekana kwenye daftari, na vijana waliokuja kukua baadaye walijikuta nje. Mikopo ikalemea, kamati zikashukiwa, na kila mmoja akaanza kuogopa kwamba mwenzake atauza kabla yake. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988. Kila mwanachama akapata kipande na hatimiliki yake.

Miaka 2 baadaye sheria ya viwanda vya kuuza nje ikapita, na eneo lake kubwa likajengwa Athi River, hapo tu ng'ambo. Wafanyakazi walihitaji vyumba. Kituo kidogo kilichoitwa Noonkopir kikawa mji. Kwa sensa ya 2019, Kitengela ilikuwa na zaidi ya watu 150,000.

Mahali wanyama walipita pakaanza kuwa na kuta. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza, malipo yakifika wakati wa karo. Karo tena. Niliposoma hapo nilifunga simu kidogo. Yule mzee aliyeuza eka zake na mathe wangu anayetaka kununua walikuwa wakipiga hesabu moja, tofauti ni kwamba mtoto wake huenda alimaliza shule. Juni 2012 simba 6 waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mbuzi. Wengi tuliokasirika tulikuwa mbali, nyuma ya mageti.

Niliporudi nilimweleza mathe yote hayo tukinywa chai. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa ni safi ama si safi?"

Nikamwambia karatasi inaweza kuwa safi. Hesabu pia nilimpa: eka moja ni futi za mraba 43,560, na hamsini kwa mia ni 5,000, kwa hivyo hiyo "moja ya nane" ya mabroka haifiki hata moja ya nane. Alicheka hapo.

Hatukununua kwa ile kampuni ya soda. Tulipata familia iliyokuwa ikiuza yenyewe. Tulifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na kipande kikaonekana kimekatwa kutoka kwa shamba la mgao wa 1988. Mathe alikataa kulipa kabla ya kukaa na mke wa muuzaji. Sheria ya sasa inataka mwenzi akubali, lakini yeye hakutaka sahihi tu. Alitaka kumsikia kwa masikio yake. Mama yule alisema amekubali, kisha akauliza, "Mtaweka ua lini?"

"Mbona unauliza, mama?"

"Mbuzi wangu hupita hapo kwenda majini."

Hatimiliki ilitoka kwa jina la mathe na langu. Sijui kama niliistahili. Mawe ya kujenga hatuna, na ua hatujaweka. Mathe anasema ni pesa, na ni kweli ni pesa. Lakini mara ya mwisho tulipoenda, fundi wa nyaya alikuja kutupa bei, ya chini hata, na nikamsikia akimwambia, "Ngoja kwanza." Mbuzi walikuwa wakipita katikati ya bikoni zetu nne.