Dele ni Chombo. Mtu Je?

Mjomba wangu alipofariki, cheti kilitoka kimeandikwa kazi yake: mkulima. Nilikisoma mara mbili palepale mlangoni, kisha nikakipeleka nyumbani Mji Mpya. Mama, dada yake, alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Huyu mtu aliteremka kutoka Mgeta akiwa kijana, na jembe aliliacha hukohuko. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi hali kadhalika, kwa hiyo shamba la kwao lilibaki na sehemu yake mlimani. Lakini mikono yake ilijua mkaa, buni na vikombe. Kila jioni, kwa zaidi ya miaka thelathini, aliizunguka Morogoro akigonganisha vikombe viwili mkononi, na mtaa mzima ulimwita Mjomba Dele.

Nilirudi ofisini. Karani akaniuliza bila hasira, "Sasa tuandikeje?" Nikasema andika muuza kahawa. "Muuza kahawa hata mwenye ghala la magunia ni muuza kahawa," akanijibu. Kwa kweli sikuwa na jibu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilitafuta hilo neno.

Tuanze na kahawa yenyewe. Neno limetoka Kiarabu, qahwa, na zamani Waarabu walilitumia kwa mvinyo kabla halijahamia kwenye kinywaji cha buni, kile ambacho masufi wa Yemen walikunywa karne ya 15 ili wakeshe katika dhikiri. Buni pia ni yao, bunn. Finjani nalo limepitia kwao, ingawa asili yake ni Uajemi. Dele ni dalla ya Kiarabu, lile birika la shingo nyembamba na mdomo mrefu. Kamusi za zamani zina mdila pia. Vyombo vyote vya kazi ya mjomba, basi, vina majina, na majina hayo yana safari ndefu. Yalivuka bahari, yakashika pwani, yakapanda bara na misafara ya Bagamoyo. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene umezungushiwa ukuta. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na baada ya hapo mambo ya pwani hayakuhitaji tena kutembea kwa miguu.

Mwenye dele ndiye aliyeachwa nyuma.

Waturuki wanaye: kahveci, kahawa na kiambishi chao cha mtu wa kazi. Kiambishi hicho kikaingia Kiarabu, wakapata qahwaji. Huko Ghuba wana jingine, muqahwi, mtu anayesimama barazani na dalla mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni, kwa ombi la Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, na mtu huyo ana nafasi yake humo.

Kinachonisumbua ni kwamba Kiswahili kilikuwa na nafasi ya wazi kabisa. Mu'allim wa Kiarabu alipofika kwetu alivaa M yetu bila shida, akawa mwalimu, wenzake walimu. Muqahwi angeweza kuwa mkahawi, wakahawi. Sisi tulikuwa tayari na M na kahawa, tukaviunganisha, lakini tukapata mkahawa, mikahawa: nyumba. Ngeli ya miti na milima! Tumeipa jina paa na viti, na mzee anayezunguka juani tukamwacha na "muuza" tu, kama muuza chochote.

Wala si kwamba mtaa hauwezi kutunga. Mama ntilie jina lake limetoka mdomoni mwa mteja mwenye njaa, "nitilie". Mmachinga amepewa jina la watu wa Lindi, hata kama yeye kazaliwa Matombo na Lindi haijui. Majina haya mwanzoni yalikuwa na dharau kidogo, tusidanganyane, lakini leo yanaingia hadi kwenye hotuba za mawaziri. Kwa wa kahawa, mtaa ulichukua chombo ukakifanya mtu. Mimi nililiona jina la utani, na ndiyo maana pale kwa karani sikulitaja. Niliona aibu kulitamka mbele ya mhuri.

Cheti kipya kinasema "mfanyabiashara". Mama amekiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake cha kura.

Dele lenyewe, lenye mpini uliofungwa kitambaa kwa sababu ya moto, amelichukua mdogo wangu. Mpwa kumrithi mjomba, hilo kwetu halina mjadala. Hajatimiza mwezi katika kazi, na kahawa yake bado ina machicha. Juzi jioni nilikuwa nimekaa nje nikasikia mtoto wa jirani, ambaye jina lake halisi analijua vizuri, akimkimbilia na shilingi mia mbili mkononi: "Dele! We Dele, babu anakuita!"

Akageuka, akaitika.